Nani Anaigusa Valvu ya Mvuke?

Ukimletea Ekaristia Haule habari njema, kwanza atakuuliza nani amekutuma. Majirani zake wa Mjimwema wamemzoea. Watakuambia ni mchapakazi, hasengenyi, na sauti yake kanisani ndiyo inayoshika wengine wakipotea. Lakini hakuna anayemshangaa akisimama mlangoni na kukutazama mpaka upinde kona, ahakikishe umekwenda kweli kule ulikosema unakwenda.

Hakuzaliwa na tabia hiyo. Alikulia Namtumbo kwa wazazi waliolima tumbaku na mahindi, na usichanani kazi yake ilikuwa kukaa na moto wa bani, ile nyumba ya miti ya kukaushia tumbaku. Moto ukizidi majani yanaungua, ukilegea yanavunda. Alijua kuuchochea na kuutuliza, na baba yake, mzee Fidelisi, alikuwa akienda kulala bila wasiwasi binti huyo akiwa pale. Baadaye akasomea ufundi wa mabomba, akaja mjini Songea, akaolewa na dereva wa lori aliyeitwa Leo.

Leo alibeba mizigo kati ya Songea na Tunduru enzi ambazo barabara ile ilikuwa tope tupu masika na vumbi tupu kiangazi. Gari lilikuwa likinasa njiani, na mke hakuwa na sababu ya kuuliza mume amechelewa wapi. Ekaristia alikuwa akimpikia, akimsubiri, akimfulia nguo zenye harufu ya dizeli. Siku moja gengeni, mwanamke mmoja akamuuliza kwa wema kabisa kama yule mtoto wa Leo wa kule Tunduru amepona homa. Ndipo akajua. Na alipokwenda kumuuliza mama mkwe, akakuta anajua. Shemeji anajua. Mwenye genge anajua. Hata Anjelika, binti yao aliyekuwa darasa la nne, alikuwa amesikia kitu shuleni akanyamaza.

Leo akahamia Tunduru moja kwa moja. Ekaristia hakulia mbele ya watu. Alijiambia neno moja tu: kuanzia leo, mimi sitakuwa wa mwisho kujua.

Aliingia na neno hilo kwenye kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti, nje kidogo ya mji, ambako alipewa kuangalia boila na chumba cha kupikia mafuta. Mafuta yakishakamuliwa huwa meusi na yana harufu ya mbegu, kwa hiyo huingizwa kwenye pipa kubwa la chuma, yakapashwa moto na mvuke unaopita ndani ya bomba lililojiviringa. Joto lazima likae pale pale. Likishuka, harufu haitoki. Likipanda mno, mafuta yanaungua na rangi inaharibika. Kinacholishika joto hilo ni valvu moja iliyofungwa kwenye bomba la mvuke, na watu wote pale kiwandani waliiita valvu ya Mama Anjelika.

Valvu hiyo si kama koki ya nyumbani ya kufungua na kufunga. Ndani yake kuna kizibo kinachopanda na kushuka katika njia ya mvuke. Kikipanda mvuke unapita kwa wingi, kikishuka njia inabana. Kichwani ina kitu kama sufuria mbili zilizofunikiana, na katikati yake ngozi ya mpira. Hewa kutoka kwenye kompresa, mashine ya kushindilia hewa, inaisukuma ngozi hiyo juu. Springi ngumu inaisukuma chini. Mafuta yakipoa, paneli, lile sanduku la swichi linalopima joto, inaongeza hewa na kizibo kinanyanyuka. Yakipata moto unaotakiwa, paneli inapunguza hewa na springi inakishusha. Hivyo siku nzima, juu kidogo, chini kidogo, bila mtu kugusa. Hewa ikikatika kabisa springi inashinda na mvuke unafungwa. Walioitengeneza walitaka iwe hivyo, kwamba likitokea la kutokea, afadhali mafuta yapoe kuliko yaungue. Pembeni kuna usukani mdogo wa kuizungusha kwa mkono siku ya dharura. Ekaristia aliupaka grisi, akaufunika kwa kitambaa, na hakupenda mtu mwingine auguse.

Ndipo akaja Daimu.

Daimu alikuwa Myao wa Nalasi, kijana mpole, ndevu zimechongwa vizuri. Alikuwa amefanya kazi na mvuke kwenye kiwanda cha korosho, na meneja, Bwana Muhsini, alimwajiri asaidiane na Ekaristia. Siku ya kwanza alimwamkia, "Shikamoo, Mama Anjelika," kwa heshima zote.

"Marahaba. Nani amekuambia jina la mwanangu?"

"Wote hapa wanakuita hivyo, mama."

Lilikuwa jibu la kweli, lakini Ekaristia aliliweka pembeni, kama mtu anavyoweka sarafu anayodhani ni bandia.

Mwezi huo huo valvu ikaanza vituko. Joto lilikuwa likishuka ghafla mchana, bila sababu, likakaa chini kwa muda, kisha likapanda lenyewe kana kwamba hakuna kilichotokea. Mafuta ya siku hizo yalitoka na harufu. Noela, dada wa maabara, alikuja na glasi mkononi akainusa mbele yao.

"Mama Anjelika, haya mmeyapika au mmeyaanika juani?"

Ekaristia aliona aibu. Alikwenda kuangalia kila kitu. Boila ilikuwa na mvuke wa kutosha. Geji ya hewa pale ukutani ilisoma sawasawa. Paneli haikuonyesha kosa. Kilichokuwa kipya mle ndani kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kimekaa kwenye stuli kinakunywa chai.

Akaanza kumtazama. Akimtuma kitu, anarudi haraka kuona amekaa wapi. Adhuhuri moja Daimu alitoka kuswali, na Ekaristia akasimama dirishani mpaka alipomwona kweli ametandika mkeka wake nyuma ya tangi la maji. Siku nyingine alitoka maabara akamkuta amechuchumaa kando ya valvu, mkono umeshika bomba dogo la hewa, sikio karibu na kichwa cha valvu. Kitambaa cha usukani kilikuwa chini.

"Unafanya nini hapo?"

Daimu alisimama upesi. "Nasikiliza tu, mama."

"Valvu inaimba?"

"Nimeona kama hewa—"

"Sehemu yako ni paneli. Hiyo valvu niachie mimi."

Daimu aliokota kitambaa, akakikung'uta, akakirudisha juu ya usukani, akaenda kukaa. Kule kukubali upesi namna ile kulimtia Ekaristia wasiwasi zaidi. Mtu asiye na hatia, aliwaza, angebisha.

Kisha kukatokea uvumi. Alizeti ilikuwa imeingia kidogo msimu ule, na watu wakasema kiwanda kitapunguza wafanyakazi, kwamba chumba cha kupikia kitabaki na opereta mmoja. Hakuna aliyejua uvumi umetoka wapi. Ekaristia alijua, au alidhani anajua. Mama mwenye umri wake na kijana aliyefundishwa na watu wa korosho, kati yao angebaki nani? Anayeharibu mafuta mikononi mwa mama huyo ananufaika. Jioni ile, wakiwa wanabadili nguo, alimsikia Daimu nje akiongea na simu kwa Kiyao. Hakuelewa kitu. Alisikia tu neno "valvu", kisha kicheko, kisha "Mama Anjelika".

Nyumbani alimweleza binti yake. Anjelika sasa alikuwa msichana mkubwa anayeuza dawa kwenye duka la dawa mjini.

"Mama, labda alikuwa anamweleza mkewe kazi ilivyo."

"Na kicheko?"

"Watu wanacheka, mama."

"Hujui watu wewe," Ekaristia alisema, akaenda kuhakikisha mlango umefungwa.

Bwana Muhsini alileta fundi. Fundi aliifungua valvu, akaikagua ngozi ya mpira, akakisafisha kizibo, akakipima kinavyopanda na kushuka. Akasema haina tatizo lolote, ni nzima kama mpya. Kama valvu ni nzima, Ekaristia aliwaza, basi ni mtu. Alichukua uzi mweusi akaufunga kutoka kwenye usukani hadi kwenye bomba, mwembamba kiasi kwamba usiyejua huuoni. Mtu akizungusha usukani, uzi utakatika.

Joto likashuka tena kesho yake. Alikimbilia kwenye uzi. Ulikuwa mzima.

Mwingine angeacha kumshuku Daimu hapo. Yeye aliona kwamba Daimu ni mjanja kuliko alivyodhani: hatumii usukani, anachezea paneli. Akaenda ofisini.

"Bwana meneja, huyu kijana anaharibu kazi."

Muhsini aliweka kalamu chini. "Umemwona?"

"Nimemwona kwenye valvu, amechuchumaa."

"Akifanya nini?"

"Anasema anasikiliza."

"Na ule uzi niliousikia?"

Ekaristia alishtuka kwamba amesikia. Nani amemwambia? "Haujakatika," alikiri. "Ndiyo maana nasema anatumia paneli."

"Mama Haule, simfukuzi mtu kwa uzi ambao haujakatika." Alifikiri kidogo. "Lakini mafuta yanaharibika, na siwezi kukaa tu. Nitampeleka ghala la mashudu kwa muda, tuone."

Mashudu ni makapi ya alizeti yaliyokwisha kukamuliwa. Wafugaji huyanunua kwa ajili ya ng'ombe na kuku. Ghala lake lilikuwa nyuma ya kiwanda, jeusi kwa vumbi, na kazi yake ilikuwa kubeba viroba. Daimu aliitikia taarifa hiyo akiwa amesimama mikono nyuma. Alipopita kuchukua kikombe chake cha chai hakumtazama Ekaristia, ila alisema, "Kazi njema, mama," na sauti yake haikuwa na kejeli hata kidogo. Ekaristia aliichunguza sauti ile siku nzima akitafuta kejeli.

Kisha valvu ikatulia. Siku zikapita, joto limekaa pale pale, mafuta yanatoka safi, Noela anatabasamu. Ekaristia alikwenda kanisani Jumapili ameinua kichwa. Alimwambia Anjelika, "Unaona? Mimi nilisema."

Wiki iliyofuata, malori yalikuja kutoka Njombe kuchukua mashudu, na kabla ya chakula cha mchana joto likaanguka.

Ekaristia alisimama katikati ya chumba, jasho linamtoka ingawa nje palikuwa na baridi ya Juni. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Daimu amepenya kwa mlango wa nyuma. Alichungulia dirishani: Daimu alikuwa ghalani, kiroba begani, mweusi kwa vumbi, anapanda ubao wa lori. Hakuwa yeye. Basi nani? Aligeuka, na macho yake yakamwangukia Noela anayepita na chupa zake za sampuli. Noela ambaye wamefanya kazi pamoja miaka yote, wanaoongea Kingoni wakiwa wawili, aliyemshika mkono siku ya msiba wa mzee Fidelisi. Ekaristia akamtazama mikono, akitafuta grisi.

Noela alisimama. "Mbona unanitazama hivyo, dada?"

"Vipi?"

"Kama mwizi."

Neno lile lilimchoma Ekaristia, na ndilo lililomfanya aache kutazama watu na kwenda kuitazama valvu yenyewe. Alivuta stuli, akakaa mbele yake, akasema haondoki mpaka joto lishuke tena na aone kwa macho yake.

Lori la pili lilipoanza kupakiwa, aliona. Hakuna mtu aliyekuwa karibu. Shafti ya valvu, ile fito inayong'aa inayoshika kizibo, ilianza kushuka polepole, kama mtu anayekaa chini kwa uchovu. Mvuke ukapungua sauti ndani ya bomba. Alisimama akaitazama geji ya hewa ukutani. Mshale ulikuwa unaanguka. Kila alipokuwa akiiangalia zamani ilisoma sawa, kwa sababu alikuwa akiiangalia baada ya joto kushuka, hewa ikiwa imekwisha kurudi. Sasa aliukuta mshale ukiwa njiani.

Hewa ilikuwa inakwenda mahali pengine. Ekaristia alilifuata bomba dogo kwa macho, kisha kwa miguu: ukutani, juu ya mlango, nje chini ya paa la mabati, mpaka kwenye ghala la mashudu. Pale nyuma ya mlango wa ghala mtu alikuwa amelitoboa bomba na kuunganisha mpira mrefu. Wapakizi walikuwa wameushika, wanapulizana vumbi litoke kwenye nywele na nguo, wanasafisha sakafu ya lori, wanacheka. Hewa iliyotakiwa kushikilia kizibo kule ndani ilikuwa inatoka hapa kwa kelele.

Na kati ya wapakizi hao alisimama Daimu.

"Kumbe ni wewe!" Ekaristia alipiga kelele kabla hajafikiri.

Kelele za mpira zikakoma. Msimamizi wa ghala, Salum, alitokea nyuma ya viroba. "Nini, mama? Huo mpira niliuweka mimi. Tangu mwezi ule wa Machi. Hawa vijana walikuwa wanakohoa na vumbi. Nikaona bomba la hewa linapita, nikamwita mchomeleaji. Kwani kuna ubaya gani?"

Machi. Mwezi aliokuja Daimu.

Ekaristia alimgeukia Daimu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ulijua?"

"Nilihisi tangu nikiwa ndani. Nilisikia hewa inakosa nguvu kwenye lile bomba. Ndiyo nilitaka kukuambia siku ile." Alijipangusa vumbi machoni. "Nilipoletwa huku nikauona mpira. Nikajua."

"Na ukanyamaza? Malori yakija mafuta yanaharibika, na wewe unanyamaza?"

"Ningekuambia nini, Mama Anjelika? Ungesema mimi ndiye niliyeufunga."

Wapakizi walitazama chini. Dakika chache zilizopita, mbele ya watu wote hawa, ndivyo Ekaristia alivyosema hasa.

Mpira uliondolewa siku hiyo hiyo. Bwana Muhsini akaagiza valvu iwekewe tangi lake dogo la hewa lenye kizuizi, ili hata kompresa ikichoka, hewa iliyokwisha kuingia isirudi nyuma. Wapakizi walipewa barakoa na bomba lao. Salum aliomba radhi akisema alidhani hewa ni hewa. Na Daimu akarudishwa kwenye paneli.

Ekaristia alimwomba msamaha kazini, haraka haraka, kama anayemeza dawa chungu. Daimu akasema yamekwisha. Lakini Ekaristia hakuamini kwamba yamekwisha, na Jumamosi akanunua jogoo, akamfunga miguu, akamchukua mzima mzima hadi Lizaboni alikopanga Daimu. Alimpeleka mzima ili wamchinje wenyewe, wasije wakawa na shaka na nyama yake.

Alipokelewa na Zuhura, mke wa Daimu. Alimkaribisha kiti, akampa maji, akamwita mama. Yote kwa adabu. Jogoo alibaki sakafuni kati yao.

"Daimu katoka," Zuhura alisema. "Una shida naye?"

"Hapana, mwanangu. Nimekuja kuwasalimu tu."

"Kuwasalimu." Zuhura alitazama jogoo, akamtazama mgeni usoni, kisha mikononi. "Na ofisini wanajua kama umekuja huku?"

Ekaristia aliyatambua macho yale. Alikuwa akiwatazama watu hivyo tangu siku ile ya gengeni, na hakuwahi kukaa upande wa pili. Alimaliza maji yake, akaaga. Hakujua kamwe kama yule jogoo aliliwa au aliuzwa.

Kazini sasa walipokezana zamu, na mambo yalikwenda, ila kwa mtindo mpya ambao Daimu aliuanzisha bila kumshauri mtu. Kila alipomkabidhi Ekaristia zamu, alikuwa akimwita Noela kwanza. "Dada Noela, njoo ushuhudie. Valvu iko nusu. Hewa iko sawa. Kitambaa kiko juu ya usukani." Kisha akamgeukia Ekaristia, "Umeona, mama?" Ekaristia anasema ameona. Ilikuwa inamuuma kila mara, lakini alijua amejitakia mwenyewe.

Hali ikawa hivyo kiangazi chote. Mvua zilipoanza, Noela alikwenda likizo ya uzazi, na msichana aliyemshikia nafasi hakutoka maabara. Siku ya kwanza Daimu alipomaliza zamu yake aligeuka kwa mazoea kumwita shahidi, akakuta hakuna. Alisimama. Mvua ilikuwa inapiga mabati.

"Valvu iko nusu," alisema, akimwambia yeye peke yake. "Hewa iko sawa."

"Sawa, mwanangu. Nenda salama."

Daimu akachukua koti lake, akatoka barazani kusubiri mvua ipungue. Ekaristia alikaa kwenye stuli, akaifumbata mikono yake mapajani. Paneli ilisema joto liko pale pale. Alijiambia hana sababu ya kwenda kuangalia. Alijimiminia chai, akaipuliza, akanywa kidogo. Alijiambia tena. Chai ilipofika nusu, alinyanyuka, akaenda mpaka kwenye valvu, akainua kitambaa, akainama kuisoma alama kwenye shafti.

Ilikuwa nusu.

Aliponyanyua kichwa alimwona Daimu mlangoni, koti kichwani, amerudi kuchukua kikombe chake. Alikuwa amemwona. Ekaristia alibaki na kitambaa mkononi, hana pa kujificha. Daimu alimtazama, akaitazama valvu, kisha akaanza kucheka, kicheko cha kweli ambacho hakuwa amekisikia tangu siku ile ya simu.

"Imesogea?" Daimu aliuliza.

"Haijasogea," Ekaristia alisema, na pamoja na aibu yote ile, akacheka naye.